Mliuza Tiketi za Ndege Zinazoruka, Mkatuonyesha Zilizoegeshwa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA SAFARI YA DUXFORD

Nimesoma jibu lenu na silikubali. Mmeandika kwamba fedha hazirudishwi kwa kuwa "ndege mliziona". Tuliziona, ndiyo, zimeegeshwa. Tangazo lenu, ambalo nimeliambatanisha, linaahidi Spitfire, zile ndege za kivita za Uingereza za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zikiruka.

Asubuhi tulitembezwa kwenye mabanda ya ndege pale Duxford, uwanja wa ndege wenye makumbusho. Mchana, marubani walipoanza kupanda ndegeni, kiongozi wenu akatuita tuingie basini ili tuiwahi barabara kuu ya M11 kabla ya foleni. Maonyesho ya angani pale Duxford hufanyika mchana; anayeuza tiketi zake hana budi kulijua hilo. Injini ya kwanza iliponguruma, sisi tulikuwa tumeshafunga mikanda.

Kama haja yangu ingekuwa kuitazama Spitfire iliyotulia, nisingetoka London. Imperial War Museum ya hapa mjini imetundika moja juu ya ukumbi wake, na kuingia ni bure.

Tangazo lenu liliitaja hasa Spitfire yenye namba N3200, na ndiyo iliyonifanya nilipe. Ndege hiyo ilikuwa ya Kikosi cha 19, kikosi kilekile kilichopokea Spitfire za kwanza hapo Duxford mwaka 1938. Tarehe 26 Mei 1940, wakati wa vita vya Dunkirk, ilipigwa, na rubani wake, Geoffrey Stephenson, akaitua ufukweni Sangatte, Ufaransa, akatekwa na Wajerumani. Mchanga ukaimeza hadi mwaka 1986 mabaki yake yalipojitokeza. Mafundi waliifufua, ikaruka tena mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa makumbusho ya Duxford. Zilitengenezwa Spitfire zaidi ya 20,000. Zinazoweza kuruka leo ni makumi tu. Halafu mtu anipeleke hadi mlangoni pa ndege kama hiyo, kisha anirudishe nyumbani kwa kuogopa foleni!

Kiongozi wenu alijitetea kwamba hatukukosa kitu, maana ndege hizo "si za kweli, ni nakala". Ni kweli kwamba ndege iliyolala mchangani miaka 46 hairuki kwa mabati yake ya zamani, na vipuri vipya ni vingi. Watu wa fani hubishana sana juu ya hilo, nami sina ugomvi nao. Lakini kuiita nakala mbele ya wateja waliolipa ili kuiona ni kuikana bidhaa yenu wenyewe.

Nilikuwa na baba yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Ni fundi mstaafu wa injini za dizeli. Hakujali rangi wala historia. Alitaka kuisikia Merlin, injini ya Spitfire, silinda 12, lita 27, ikipandishwa moto hadi pangaboi lisionekane. Alirudi Tanga bila kuisikia, na hilo hamwezi kunilipa.

Mnachoweza kulipa ni hiki: nauli na kiingilio cha watu wawili, kamili. Vocha ya safari ijayo mliyonipa siitaki. Sheria ya Uingereza ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inayahesabu maneno ya mfanyabiashara kuhusu huduma yake kuwa sehemu ya mkataba, pale mteja anapoyategemea anapoamua kununua. Mimi niliyategemea. Pia rekebisheni tangazo: ama basi lisubiri mpaka ndege ya mwisho itue, ama andikeni wazi kwamba ni ziara ya mabanda tu, na bei ishuke.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulipa. Nisipolipata, nitafungua madai mahakamani. Nimeambatanisha tangazo, risiti na ratiba ya maonyesho ya siku ile, inayoonyesha saa ya ndege ya kwanza kupaa.

Wenu,
Mteja, London Mashariki