Kiwangaazi siyo GMO jamani

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika eti Kiwangaazi ni ndizi ya GMO, eti wanaume wakiila nguvu zinaisha. Mimi nimezaliwa hapa Bombo, Uganda, nina migomba nyuma ya nyumba, Kawanda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo napita na takisi kila nikienda Kampala, na Kiwangaazi nakula mwaka wa nne sasa na mtoto wa mwisho ana miezi saba, basi ya nguvu tuyaache hapo.

GMO ni mmea uliobadilishwa jeni, yaani chembe za urithi, huko maabara, mara nyingi kwa kuingiziwa jeni ya kiumbe kingine. Kawanda walijaribu kweli, mwaka 2007 walipanda bogoya, zile ndizi tamu za kuiva, zenye jeni ya mpunga kuona kama zitapigana na sigatoka nyeusi, ugonjwa wa fangasi wa majani ya mgomba, lakini ilikuwa shamba la majaribio lenye uzio, siyo ndizi ya sokoni. Kiwangaazi ni habari nyingine kabisa, ilitolewa kwa wakulima 2010, wengine wanaiita M9, na hiyo imepandishwa tu kama unavyopandisha ng'ombe. Asubuhi mapema ua la mgomba likifunguka mtu anapanda ngazi, anapaka chavua ya mgomba mwingine, anafunika na mfuko, basi. Kazi iko baadaye, mkungu ukiiva wanapekua kidole kimoja kimoja kutafuta mbegu, na wewe unajua matooke, ndizi zetu za kupika, lini umeuma ukakuta mbegu? Ni aina chache tu zinazokubali kuzaa, kama Enzirabahima na Nakawere, nazo mikungu mingi inapekuliwa bure.

Baba ambaye wamemtumia sana ni Calcutta 4, ndizi mwitu ya Asia, nyembamba, imejaa mbegu, hata mbuzi sijui kama angeifurahia, ila sigatoka haiiwezi. Sasa matooke ina seti tatu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, ndiyo maana haina mbegu. Watoto wa kwanza wanatoka na seti nne, inabidi wapandishwe tena na ndizi ya seti mbili ili wajukuu warudi kwenye tatu, wawe bila mbegu kama matooke ya kawaida. Hesabu mgomba unavyochukua mwaka na zaidi mpaka kuzaa utaelewa kwa nini walianza miaka ya 1990 na sisi tukapata 2010. Maabara ipo ndiyo, sikatai, kile kiini cha mbegu kinatolewa kinakuzwa ndani ya chupa maana ukikifukia udongoni mara nyingi hakioti. Lakini chupa siyo GMO, ni kama mtoto njiti kuwekwa kwenye joto hospitali.

Kwa nini nimehangaika kupata miche yake? Njoo uone migomba yangu ya zamani. Sigatoka inaanza na vimistari vya kahawia kwenye jani, vinakuwa vyeusi, jani linakauka kutoka pembeni, na mkungu ukifika wakati wa kujaza unakuta mti umebaki na majani mawili, sasa chakula cha kujaza vidole kitoke wapi? Na siyo mkungu tu, mke wangu analalamika kuliko mimi, maana jani lenye madoa ukilipasha moto kufungia matooke linachanika, mvuke wote unatoka. Kiwangaazi majani yake yanabaki mapana mpaka siku ya kukata, jirani wanakuja kuomba majani hata kabla ya ndizi.

Ila nisidanganye watu, siyo dawa ya kila kitu. Ule ugonjwa wa kunyausha sukali ndiizi, zile ndizi ndogo tamu, ni fangasi mwingine, unakaa udongoni miaka na miaka, matooke zetu za kienyeji zenyewe haziugui huo, na nilipoteza ndiizi zote upande wa bondeni, ukikata shina unaona nyuzi nyekundu nyekundu ndani. Hapo Kiwangaazi haimsaidii mtu wa ndiizi.

Halafu kuna meza. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza nilimpikia bila kumwambia, akafungua jani, akabonyeza kwa kidole gumba, akaniangalia: "Mwanangu, hii umeitoa wapi?" Ikiwa ya moto alikula, ilipopoa akaisukuma pembeni, imekuwa ngumu. Hilo ndilo lalamiko la kweli, siyo GMO. Wale watafiti wana ndizi nyingine nyingi za mtindo huu zinazoitwa NARITA, mimi ombi langu wawaite kina mama wapike mapema, wakati aina bado ziko hamsini shambani, siyo wakishabaki na moja wanayotaka kuitoa. Mama mkwe wangu yuko tayari, nauli ya kutoka Masaka tu.

Mkulima na msomaji wenu,
Bombo