Wahitimu wa elimu maalumu wana kazi nje ya darasa, ila haina ikama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ajira za vijana kwa upande ambao huguswa kwa nadra, yaani vijana wanaohitimu elimu maalumu, ustawi wa jamii na utengamao, ambao walichosomea ni kumwezesha mtu mwenye ulemavu asome, atibiwe, afanye kazi na aishi kama raia wengine. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona na viziwi, na kila mwaka tunapokea wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Wakishanizoea huniuliza swali lilelile: ikiwa jina langu halitatoka katika ajira za walimu, nitakwenda wapi?

Vyuoni wameandaliwa kwa jibu moja tu, nalo ni ualimu. Sivilaumu vyuo kwa kufundisha ualimu, kwa kuwa bila vyuo kama Patandi, mkoani Arusha, shule zenye vitengo kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam zingeendeshwa na watu wa kubahatisha. Hata hivyo, si kila anayepata ajira hufika kwenye kitengo. Wapo ninaowafahamu waliopangiwa shule zisizo na mtoto hata mmoja asiyeona, wakapewa vipindi vya Uraia na Maadili, na baada ya miaka michache vidole vyao vikasahau nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kupapasa. Huyo ameajiriwa kwenye daftari la mshahara, lakini utaalamu wake bado hauna kazi.

Hoja yangu ni kwamba kazi ya vijana hawa imeshaanzishwa na sheria zetu wenyewe, ila haijaingizwa katika ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, wala katika bajeti. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. (Asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja mzima, na nashuku wapo waajiri wanaojificha hapo.) Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Nayo sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Viwango hivyo vya sheria havijitekelezi. Lazima awepo mtu wa kuandaa tangazo la nafasi ambalo asiyeona anaweza kusomewa na simu yake, wa kukagua kama mlango wa choo unapitisha kiti mwendo, na wa kumweleza meneja kwamba karani kiziwi hahitaji kuhurumiwa bali kuletewa mkalimani siku ya kikao. Katika ofisi nyingi mzigo huo huangukia kwa afisa utumishi ambaye hakusomea jambo hilo na ana mafaili mengine mia moja mezani.

Kuna fani nyingine ambayo wengi hawajui kama ni fani. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu kwa watahiniwa wasioona na ya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo hutoa vitabu vya kiada vya nukta nundu. Nyuma ya kila ukurasa wa aina hiyo yupo mtu aliyeutengeneza. Mchoro wa pembetatu unatakiwa uchorwe upya kwa mistari inayopapasika. Jedwali lenye safu sita linatakiwa livunjwe, kwa sababu ukurasa wa nukta hubeba maneno machache kuliko ukurasa wa wino. Kisha mhakiki asiyeona hupitisha vidole mstari kwa mstari, kwa maana nukta moja ikikosekana herufi huwa nyingine. Kama benki, mahakama, wachapishaji binafsi na magazeti (likiwamo hili, Mhariri) vingewahudumia wasomaji wasioona, wahitimu wa kazi hiyo wangetafutwa kwa tochi.

Pengo linaloniumiza zaidi liko hospitalini. Niliwahi kumsindikiza mzazi wa mwanafunzi wetu, mama kiziwi, katika hospitali moja ya wilaya. Mimi nilichelewa kwa sababu ya foleni ya malipo, nikakuta ameshaingia kwa daktari pamoja na mwanawe wa darasa la tatu, ambaye anasikia, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akitafsiri. Daktari alikuwa akimuuliza mama kuhusu siku zake na kuhusu damu iliyokuwa ikimtoka. Mtoto alinyamaza, akatazama chini, kisha akamwonyesha mama yake ishara ya tumbo kuuma, na mama akaitikia kwa kichwa. Daktari akaandika. Sina ugomvi na daktari yule, kwa kuwa alitumia mkalimani aliyeletewa na mazingira. Hata hivyo, dawa iliyotoka pale iliandikwa kwa ugonjwa alioueleza mtoto wa miaka tisa, na siri ya mama ikawa imefika mahali ambapo yeye mwenyewe asingeipeleka. Katika hospitali za wilaya ninazozifahamu sijawahi kukutana na mkalimani wa lugha ya alama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Wakati huohuo, mtaani kwangu yupo mhitimu anayetafsiri vizuri kabisa na anauza vocha.

Wapo watakaosema kuwa nafasi hizi zipo katika mashirika. Ni kweli, na CCBRT, shirika linalohudumia watu wenye ulemavu lililoanza mwaka 1994, ni ushahidi wa kile ambacho shirika linaweza kufanya likidumu. Lakini ajira nyingi za mashirika ni za mradi wa miaka miwili au mitatu, na mradi ukifungwa utaalamu hurudi nyumbani pamoja na barua ya shukrani. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi miradi inavyoweza kukatika kwa wiki moja. Huduma ambayo sheria imeifanya kuwa haki haiwezi kusubiri mfadhili apatikane.

Nina neno pia kwa wahitimu wenyewe, hata kama halitawafurahisha. Wengi huja shuleni kwetu wakiwa na alama nzuri katika nadharia za ujumuishi, lakini ukimpa mmoja wao sleti na stailasi, vifaa vya mkono vya kutobolea nukta nundu ambavyo huandikiwa kutoka kulia kwenda kushoto, anahangaika kuandika jina lake. Wengine huonyesha alfabeti ya vidole wakadhani wanazungumza lugha ya alama. Mwajiri hawezi kulipia nadharia hiyo. Chagua stadi moja, iwe ukalimani, nukta nundu, upimaji wa watoto au ukaguzi wa majengo na programu za simu, uishike mpaka watumiaji wenyewe wakukubali. Lugha ya alama hujifunzwa kwa viziwi, na vyama vyao vipo mikoani. Na pale ambapo mhitimu mwenye ulemavu ana sifa sawa na wewe, nafasi ya kusimamia ujumuishi impate yeye kwanza. Mhakiki wa nukta nundu anayetegemea macho hawezi kumshinda anayetegemea vidole.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na maombi ya ikama huandaliwa miezi mingi kabla. Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri, katika maombi yao yajayo, waombe mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa kila hospitali ya wilaya, pamoja na afisa mmoja wa kusimamia ile asilimia 2 ya mikopo, aliyesomea mambo ya ulemavu. Naiomba Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi iwape watu hao muundo wenye madaraja ya kupanda, ili anayeanza leo ajue atakuwa nani baada ya miaka 10. Na gazeti lako, Mhariri, linaweza kuwauliza wakurugenzi hao, kwa majina ya halmashauri zao, nani aliomba na nani hakuomba.

Wako,
Mwalimu wa elimu maalumu,
Morogoro.