Nani Ataitikia Pakawa? Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi tangu niliporudi kutoka London, na kila mara niliiacha njiani kwa kuwa niliona ni jambo la ndani ya nyumba, lisilofaa kuanikwa. Lakini sauti ya Bibi, katika maonyesho yako ya sanaa kule, imekwisha kusikiwa na watu wasiomjua hata jina, kwa hiyo sioni tena kwa nini mimi niendelee kunong'ona. Natumai u mzima na watoto hawajambo. Ule ukili ambao Bibi hakuumaliza bado uko juu ya kabati, nimeufunga kwa kitambaa, na sijamruhusu mtu yeyote kuushonea mkeka.

Nianze na lile linalonikosesha usingizi. Ulinishika mkono ukanipitisha kwenye pazia jeusi, tukaingia katika chumba ambacho sakafu yake ilimulikwa maji ya buluu yanayotembea, hata nikanyanyua gauni bila kufikiri. Palinukia karafuu na chumvi, na kivuli cha nguva kilipita polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nakiri kwamba moyo wangu ulijaa fahari. Kisha, kutoka gizani, juu ya vichwa vyetu, Bibi akakohoa. Kikohozi kile kile cha miezi yake ya mwisho, nilichokuwa nikikipokea kwa kikombe cha maji ya tangawizi saa nane za usiku, kilitoka katika spika nane kwa pamoja. Akasema, "Paukwa!" Watu kama ishirini walikuwa wamesimama na makoti yao, wengine wamefumba macho, na hakuna aliyeitikia. Nikaitikia mimi, "Pakawa," kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mama mmoja aliyekuwa karibu nami akaweka kidole mdomoni kunitaka ninyamaze.

Mdogo wangu, katika rekodi ile mimi nilikuwapo. Simu niliiweka juu ya ungo, karibu na goti lake, mvua ikinyesha juu ya bati, naye akisuka huku akisimulia. Alipotoa paukwa nilisema pakawa. Aliposema kaondokea chanjagaa, nilimalizia kajenga nyumba kakaa. Wewe ulikata sauti yangu yote ukaacha mwanya, na nilipokuuliza ukasema kwamba mwanya ule ni nafasi ya mtazamaji kuingia ndani ya kumbukumbu. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya mtu aliyembeba Bibi kwenda msalani kwa miaka miwili, wakati wewe ukituma fedha, na kwa fedha zile nakushukuru bila kinyongo, maana zilinunua dawa na zilinunua bati lile lile linalosikika katika kazi yako.

Usidhani sielewi unachokitafuta. Nakumbuka ulivyonipigia simu mwaka 2007, ukiwa mwanafunzi, umetoka kuona pale British Museum kazi ya Romuald Hazoumè wa Benin: madumu ya petroli 304 yaliyokatwa yakawa vinyago, yakapangwa kama watu walivyolazwa ndani ya meli ya watumwa, pamoja na sauti na harufu. Ulilia kwenye simu. Uliniambia kwamba umeijua sanaa ambayo mtu haiangalii ukutani bali anaingia ndani yake, na kwamba siku moja utawajengea chumba kama hicho watu wa kwetu. Ulinisimulia pia kuhusu wale wanamuziki wawili wa Detroit waliojiita Drexciya, ambao mwaka 1997 waliandika kwamba watoto wa wajawazito waliotupwa baharini kutoka melini walizaliwa wakipumua majini. Ukasema, "Dada, si ndiye nguva wa Bibi huyo?" Na kweli, nguva wa Bibi alikuwa mwanamke aliyejitupa kutoka kwenye jahazi, akabaki ananyonyesha mtoto asiye wake hadi leo. Nilikubali siku hiyo, na sijabadilika.

Lakini kama watu wa Atlantiki wana hadithi yao, kwa nini uifiche yetu ndani ya hiyo? Maandishi uliyobandika mlangoni yanazungumza juu ya Atlantiki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jina la Kilwa Kivinje halimo. Misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia Kivinje, na kutoka hapo watu walivushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Uarabuni; na kabla ya hapo, mwaka 1776, Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Bibi wa mama yake Bibi aliletwa kwa njia ile akiwa binti mdogo, kabla Sayyid Barghash hajalifunga soko la Unguja mwaka 1873. Wewe unajua jinsi neno "mtu wa kununuliwa" linavyosemwa huku kwetu mpaka leo, kwa sauti ya chini na kwa kumtazama mtu pembeni. Bibi alilisema usiku ule kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mlango umefungwa. Ninalirudia hapa kwa sababu wewe umekwisha kulitangaza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, yeye ambaye hakuwahi kusimulia hadithi kabla ya swala ya isha, na aliyetutisha kwamba anayesimulia mchana ataota mkia.

Utanitajia Wangechi Mutu, yule msanii wa Kenya, kama ulivyonitajia kwenye ile korido. Ni kweli kwamba aliwapeleka nguva wa pwani yetu London mwaka 2014, na kwamba mwaka 2017 alimfinyanga nguva akamwaga kwa shaba, na mimi nimeipenda picha yake tangu uliponionyesha. Ila yeye alimchukua nguva wa wote. Hakuchukua kikohozi cha bibi wa mtu.

Ndipo uliponijibu kwa maneno ambayo Bibi mwenyewe alifungia kila hadithi: ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Nilikosa la kusema, nikachukua koti langu nikaondoka, na tangu siku ile hatujazungumza.

Sasa nina la kusema. Nakushauri urudishe sauti ya kuitikia, iwe yangu au ya mwingine, au umweke mtu mlangoni awafundishe wageni neno moja la kujibu. Nakushauri ufungue chumba kile baada ya magharibi tu. Nakushauri pia usitumie tena usichoombewa ruhusa, na hapa naona unavyotaka kuniuliza ni nani aliyekutumia rekodi. Ni mimi. Bibi aliniuliza, "Utampelekea na yule wa Ulaya?" nikamwambia ndiyo, nikakupelekea. Kukupelekea wewe si kuwapelekea wao, na naamini Bibi alilielewa hivyo, ingawa sikumuuliza zaidi, na alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko yeye.

Rekodi kamili ni ya dakika 41. Nilikutumia 11 tu, kwa kuwa intaneti ilikuwa ikikatika, na kwa kuwa, leo nakwambia, kuna sehemu niliyotaka ibaki kwangu. Nguva wako anaishia majini akinyonyesha. Nguva wa Bibi anarudi ufukweni. Na yale maneno ya "njema ni ya wote", usiku ule hakuyasema. Anafika karibu na mwisho, anaacha kusuka, anauliza kama wewe umekwisha kulala huko uliko. Mimi namjibu kwamba huko bado ni jioni. Anasema, "Basi tumngoje." Baada ya hapo inasikika mvua tu juu ya bati, mpaka simu inazimika.