Beringi Mpya Ikifa Mapema, Uliza Ilifungwaje

Malalamiko tunayoyapokea sana dukani kwetu hapa Mwanza kutoka kwa madereva wa bodaboda ni haya: beringi za tairi la nyuma zimebadilishwa juzi, hela imelipwa, na sasa tairi linacheza tena kabla hata hesabu ya bosi ya wiki haijatimia. Lawama zote anabebeshwa muuza spea. Beringi feki zipo, hatukatai. Lakini tukifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, mara nyingi tunakuta beringi nzuri tu iliyouawa siku ile ile ilipofungwa.

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na gololi katikati yake. Pete ya nje hukaa kwenye habu kwa kubana, ya ndani hupitisha ekseli. Fundi akiigonga kwa nyundo kwenye pete ya ndani ili izame, kila pigo linapita kwenye gololi kwanza ndipo lifike kwenye pete ya nje. Gololi zinaacha vishimo vidogo mno kwenye njia yake. Ukiizungusha kwa kidole pale pale unaona iko sawa kabisa. Ikishabeba mizigo ya samaki kutoka soko la Mwaloni Kirumba kwa siku kadhaa, inaanza kunguruma, na hapo imeshakwisha. Inayopaswa kusukumwa ni pete ya nje peke yake, kwa soketi au kipande cha bomba kinachoenea sawasawa juu yake, pole pole, ikiingia bila kupinda. Sisi huipasha habu moto kidogo kwanza, alumini ikatanuka, na beringi inaingia bila vurugu.

Jambo la pili linatuuma zaidi, maana linaweza kumwangusha mtu. Kati ya beringi ya kushoto na ya kulia kuna bomba fupi ambalo ekseli hupita ndani yake. Kazi yake ni kuzizuia pete za ndani zisisogeleane nati ikikazwa. Tumefungua habu nyingi tukakuta halimo, au limelika likawa fupi. Nati ikikazwa bila bomba hilo, beringi zinabanwa ubavuni na tairi linakuwa zito. Fundi anaona tairi halizunguki vizuri, analegeza nati kidogo, tairi linazunguka, kazi imeisha. Dereva anaondoka na ekseli iliyolegea, abiria yuko nyuma, na mbele yake kuna mteremko wa Bugando. Tafadhali, ukibadilishiwa beringi, simama hapo hapo mpaka uone bomba limerudi ndani.

Pikipiki iliyotembea sana ina tatizo lake jingine: nyumba ya beringi kwenye habu imelika, kiasi kwamba beringi mpya inadumbukia kwa mkono. Wengine huzungushia kipande cha kopo la soda, au hupiga vidoti kwa chuma chenye ncha ili ibane. Itashika siku chache tu. Pete ya nje ikianza kuzunguka ndani ya alumini, inazidi kuila, na kila beringi utakayoweka baada ya hapo itakaa muda mfupi kuliko iliyopita. Tiba ni kumpelekea fundi wa kukereza vyuma atie bushi, yaani pete ya chuma ya kuziba palipolika, au kununua habu nyingine. Ni gharama, tunajua. Ndiyo maana tunaipima nyumba kwanza kabla hatujakuuzia beringi.

Halafu kuna beringi ya upande wa cheni. Aina nyingi za pikipiki zina beringi ya tatu, kwenye sahani inayobeba sproketi (gia ya meno inayovutwa na cheni), na ndiyo inayopokea mvuto wote wa cheni. Watu hubadilisha mbili za habu, hii wakaiacha kwa sababu haionekani. Ikilegea, sproketi inayumba, cheni inakwenda upande, na beringi mpya ulizonunua zinaanza kuumia. Badilisha zote kwa pamoja.

Dukani usitaje jina la pikipiki tu, soma namba kwenye beringi ya zamani. 6201 na 6301 zote zina tundu la milimita 12, lakini ya kwanza kipenyo chake cha nje ni milimita 32 na ya pili ni 37, haziwezi kubadilishana. 6302 ina tundu la 15 na nje 42. Herufi zinazofuata nazo zina maana. ZZ ni kifuniko cha bati pande zote mbili, 2RS ni sili ya raba. Bati huzuia vumbi kiasi, maji hayalioni. Kwa Mwanza tunafunga 2RS bila mjadala.

Na maji ndiyo adui mkubwa huku kwetu. Kuingiza pikipiki ziwani ili kuiosha, magurudumu yakiwa ya moto kutoka barabarani, ni kuyavuta maji yaingie: habu ikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya kilicho nje. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye ekseli nayo inapenya sili. Tukifungua beringi za namna hiyo, grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa na gololi zina kutu. Osha kwa ndoo na kitambaa, magurudumu yakishapoa.

Kujipima mwenyewe ni kazi ya dakika chache. Weka stendi kubwa, shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, au ukisikia mgongano mdogo mkononi, lete. Barabarani, kama kuna mngurumo unaoongezeka na mwendo, bonyeza klachi: injini ikishuka na mngurumo ukabaki vile vile, unatoka kwenye magurudumu.

Wateja wa Sengerema na ng'ambo ya pili, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na si lazima mje na pikipiki nzima. Tuma tairi na habu yake, ekseli, bomba la kati na sahani ya sproketi. Beringi za zamani tunazirudisha pamoja na tairi, ili uzizungushe mwenyewe.