Kazi ya wiki hii: ser na estar

Habari za jioni wanakikundi, voisi zenu nimezisikiliza zote na kweli mnajitahidi, irabu za Kihispania ni zilezile zetu a e i o u kwa hiyo hapo hamna shida, ila bado watu wanaitamka ile h, jamani hola inasomwa "ola" tu.

Wiki hii tunakaba ser na estar, vile vitenzi viwili vya Kihispania vya "kuwa". Sisi hapa tuna bahati maana hata kwetu kuna "ni" na kuna "niko", soy de Tanga (hiyo ni ser) yaani mimi ni wa Tanga, estoy en Tanga (hiyo ni estar) yaani niko Tanga. Msikariri kwamba estar ni ya mambo ya muda mfupi peke yake, mbona Madrid está en España, yaani iko Hispania, na haijahama, mahali kitu kilipo ni estar basi.

Msamiati andikeni na "el" (ya kiume) au "la" (ya kike) palepale, el libro (kitabu), la mesa (meza), usiandike neno tupu, maana la mano (mkono) na el problema (tatizo) zitakuja kukuchanganya baadaye ukienda kwa kubahatisha mwisho wa neno, kwamba o ni el na a ni la.

Klipu nitaiweka kesho, fupi tu, sikiliza kwanza bila maandishi hata kama unaambulia maneno mawili, halafu ndo urudie na maandishi. Msemaji ni wa Cuba, wale s ya mwisho wanaimeza sana, usiogope.

Jumapili jioni nataka voisi, sentensi tano kila mmoja. Aliyekwama anifuate inbox tusaidiane.