Beki tatu wa chuma anamcheka bosi, hamcheki hausigeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji nimjibu mzee mmoja aliyeandika humu majuzi akilalamika kwamba vijana wa Dar wanakesha kwenye simu wakisoma katuni za Kijapani za midoli ya chuma inayofagia nyumba, na kwamba hakuna cha kuchekesha humo zaidi ya kuwadharau wadada wa kazi. Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mpaka mwisho na kuna sehemu nakubaliana na wewe, nitaifikia, ila kwenye hilo la dharau umepaisha.

Kwenye katuni za roboti mfanyakazi wa ndani, anayechekwa ni bosi. Yaani mtu kanunua mashine imtii, imetii kweli, sasa inamuumbua. Wajapani wana komedi yao ya jukwaani ya watu wawili wanaiita manzai, mmoja kazi yake kuropoka pumba huyo ndo boke, mwenzake kazi yake kumdaka na kumkatisha kwa ukali huyo ndo tsukkomi, na hizi katuni zinabeba mtindo uleule, roboti ndo anayefanya ya ajabu halafu mwenye nyumba anabaki kupiga kelele pembeni. Tofauti ni kwamba roboti hakosei, anafanya alichoambiwa neno kwa neno, kwahiyo ukicheka pumba zake kumbe unacheka amri ya bosi.

Nitoe mfano wa karibu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, tunaishi naye huku Tabata, amesoma hizo katuni mpaka kaanza kuchora za kwake nyuma ya daftari la jiografia. Beki tatu wake wa chuma anaitwa Chausiku kwa sababu anachajiwa usiku. Ukurasa mmoja una maboksi manne ya kushuka chini, ndo mtindo wa Kijapani wa vichekesho vifupi, wanauita yonkoma. Boksi la kwanza mama mwenye nyumba anachungulia dirishani anamuona mwenyekiti wa kikoba anakuja na daftari kwapani, anamwambia Chausiku akiniulizia mwambie sipo. La pili Chausiku anafungua geti anainama kwa adabu zote, "Karibu mama, mama amesema nikwambie hayupo." La tatu mwenyekiti kashika kiuno, wewe acha utani wewe. La nne kifua cha Chausiku kinafunguka inatoka spika, na sauti ni ya mama mwenyewe vilevile alivyoiongea, "mwambie sipo, na kiti usimpe." Huku nyuma chini ya pazia miguu ya mama inaonekana, yebo moja ya bluu nyingine nyekundu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Utani wa kumtuma mtu aseme sipo kila mtu kausikia tangu yuko mdogo, ila siku zote anaishia kulaumiwa mtoto au dada wa kazi, eti mjinga hajui kudanganya, anapigwa kofi mambo yanaisha. Spika huwezi kuipiga kofi. Ushahidi umetoka na sauti ni yako.

Sasa kwenye parodi, yaani kuiga kitu kizito ili kukichekesha, ndo watu wengi wanapotea, wanaona fujo tu. Ukurasa mwingine Chausiku anatumwa unga, haendi, anasimama katikati ya uwanja, macho yanawaka, anaita jina la pigo kwa sauti ya kutisha, mkono unafyatuka kiwikoni unaruka juu ya mabati mpaka dukani kwa Mangi, unarudi na nusu kilo ya sembe na pipi mbili za chenji. Asiyejua chochote atacheka zile pipi. Anayeijua Mazinger Z ya Go Nagai ya 1972, lile jitu la chuma linalofyatua ngumi kupambana na majitu mengine, anacheka mara mbili, maana silaha ya kuokoa dunia imetumwa sembe. Hapo uzito wote wa vita umeshushwa jikoni na hakuna aliyetabasamu ndani ya picha, wote wamekaza sura. Mchoraji akianza kukukonyeza kwamba hapa natania, imeharibika.

Aliyeziweza hizi kuliko wote kwa maoni yangu ni marehemu Akira Toriyama, mchoraji wa Kijapani, kwenye katuni yake ya Dr. Slump, iliyotoka Japani kuanzia 1980 hadi 1984. Arale, mhusika mkuu wa humo, sio mfanyakazi wa ndani, ni roboti wa kike aliyeundwa na fundi anayejiona jiniasi, ila mashine yenyewe haioni vizuri inabidi ivae miwani, na huku ina nguvu za kupasua dunia vipande viwili kwa ngumi. Fundi ndo wa kuchekwa hapo, sio Arale. Na humo kuna jamaa anaitwa Suppaman, ukimuona tu unajua kaigwa nani, ila huyu ili abadilike anakula plamu ya Kijapani iliyochachishwa na chumvi, sura inakunjamana, halafu mwoga balaa. Dogo, yule mpwa wangu, alipomsoma hakuhitaji maelezo, maana Superman, yule shujaa wa Kimarekani wa joho jekundu, hata Tabata anajulikana, na plamu ukiibadilisha na ukwaju utani umefika.

Wamarekani nao walikuwa na wao, Rosie wa katuni ya televisheni The Jetsons tangu 1962, roboti wa kazi za ndani modeli ya kizamani, mdomo anao. Tuendelee.

Sehemu ninayokubaliana na mzee ni hii. Sio zote za kumpa mtoto. Mahoromatic kwa mfano, ilianza 1998, roboti wa vita aliyechoka vita anaamua siku zake zilizobaki awe mfanyakazi wa ndani kwa kijana wa shule, wazo zuri sana hilo, tena lina huzuni ndani yake, lakini utani wa yule dada kuwinda magazeti machafu ya kijana unarudi na kurudi. Mara ya kwanza nilicheka kwa sababu mashine ya kuua watu imegeuka shangazi mkali wa maadili. Baada ya hapo nikawa naruka kurasa. Zipo na nyingine nyingi ambazo roboti kawekwa pale kwa ajili ya sketi tu, hizo sina cha kuzitetea, mzazi akizikamata asifute bando lote, afute hizo.

Ila hata hizo sare wanazovalishwa roboti hawa zina kichekesho ndani. Gauni jeusi, aproni nyeupe ya marinda, kofia ya lesi, hayo ni mavazi ya watumishi wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria, halafu Tokyo pale Akihabara kuanzia 2001 kukawa na mgahawa wa kudumu ambao wahudumu wanavaa hivyo, mtindo ukasambaa mpaka mteja akiingia anakaribishwa "umerudi nyumbani, bwana" utadhani ana kasri, wakati katoka kazini kwa treni na chumba anapanga. Mchoraji akija kuivalisha mashine gauni lile anaicheka ndoto ya jamaa wa kupanga chumba kujiona lodi. Beki tatu wa kwetu anavaa dera na fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, kwahiyo ukimchora na aproni ya lesi umehamisha picha bila kuhamisha utani. Dogo hilo kalijua mwenyewe, Chausiku wake kajifunga kanga kiunoni na fulana ina picha ya mgombea iliyobanduka nusu.

Na hapa nigeuze kibao kidogo. Mzee anasema Wajapani wanadharau wadada wa kazi, je vichekesho vyetu? Sinema ngapi umeziona hausigeli ni msichana wa kijijini, lafudhi nzito ya kabila lake, hajui friji, anaogopa lifti, na sinema nzima tunamcheka yeye, bosi hana kosa lolote hata akimlaza jikoni? Hiyo sio parodi, ni kumuonea asiyejibu. Na sio kwamba hatujui. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, alikuwa anachekwa na kuchekesha na ndani yake mkubwa anapigwa dongo, Kipanya wa mchora katuni Masoud mpaka leo yupo, na kundi la vichekesho la Ze Comedy walivyokuwa kwenye televisheni ya EATV nchi nzima ilikuwa inakaa kuwaona wakiiga wakubwa mpaka mwendo na kikohozi. Walicheka kwenda juu. Kwa beki tatu tunacheka kwenda chini, sijui kwa nini, labda kwa sababu waandishi wengi wa komedi wanaye nyumbani anawapikia.

Ndo maana naona hizi katuni zimemfundisha dogo kitu, kamfanya dada wa kazi wa chuma ili kwa mara ya kwanza awe na ushahidi.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Ukurasa wenu wa Jumapili uliokuwa na katuni siku hizi umejaa matangazo ya viwanja, tupeni hata maboksi manne pale pembeni. Na msiogope kuguswa wenyewe, Toriyama alimchukua mhariri wake Kazuhiko Torishima akamgeuza mwanasayansi muovu ndani ya Dr. Slump, jina akaligeuza likawa Mashirito, na lilichapishwa hivyohivyo. Dogo yuko likizo sasa hivi, anazo kurasa za kutosha na hadai hela, mkizitaka semeni mapema kabla shule hazijafungua na mwalimu wa jiografia hajaomba daftari.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam