Mbwa asiuawe, na suluhu isitiwe saini mapema

Ndugu Mhariri,

Mtu akiumwa na mbwa hapa Pemba, mara nyingi mambo mawili hufanyika kabla jua halijatua. Vijana humsaka mbwa wakampiga mawe mpaka afe, na wazee hukaa kwa sheha, kiongozi wa shehia, kuandika suluhu. Nia ni njema kote kuwili, lakini anayepoteza ni yule yule aliyeumwa.

Tuanze na mbwa. Akifungwa akiwa hai, daktari wa mifugo humtazama kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa cha mbwa mateni siku aliyouma huonesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Akizimaliza siku hizo mzima, daktari anaweza kusitisha sindano za chanjo zilizobaki kwa aliyeumwa. Mbwa aliyepondwa kichwa kwa mawe huwa ameharibiwa ubongo ambao ndio ungepimwa, na mahakamani hakuna tena wa kumuonesha. Mwenye mbwa atasema tu, "Wangu hakutoka siku ile." Kwa hivyo mpigeni picha mbwa, mnyororo wake, na kibao cha "Mbwa mkali" kama kipo getini. Wenye nyumba hukitundika kibao kile kama kinga, kumbe kinaweza kuwa ushahidi dhidi yao: aliyeandika kwa mkono wake kwamba mbwa wake ni mkali atasemaje hakujua?

Kujua huko ndiko kunakobeba kesi ya fidia. Watu wanasoma kwenye simu kwamba mwenye mbwa hulipa hata kama mbwa hajawahi kuuma mtu. Hiyo ni sheria ya California, kifungu 3342. Sisi tunafuata sheria ya madhara (ya kumfidia aliyedhuriwa) iliyotoka kwa Waingereza, na mdai ana njia mbili. Ya kwanza, aoneshe kuwa mwenye mbwa alijua ukali wake. Ya pili ni uzembe: geti bovu, kamba iliyooza, mbwa kuachiwa saa ambazo watoto wanakwenda chuo cha Kurani. Shahidi wa thamani si lazima awe aliyekuona ukiumwa. Anaweza kuwa jirani aliyefukuzwa na mbwa huyo huyo mwezi uliopita, akaenda kumwambia mwenyewe.

Akiwa ni mbwa wa ulinzi hotelini, umdai mwajiri wa mlinzi. Kijana wa zamu ana nini cha kulipa? Mbwa wa wasasi huwa na majina, basi liandikeni jina la mbwa pamoja na la bwana wake. Mbwa koko hana wa kushitakiwa, na aliyeruka ukuta usiku asitarajie kikubwa.

Kuhusu kidonda: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, kisha iodini au spiriti. Hapa kwetu wengine hukimbilia udongo kwa ajili ya kutwaharisha mara saba palipoguswa na mate ya mbwa. Udongo ndani ya nyama iliyo wazi unaweza kuleta pepopunda. Kidonda kioshwe kwanza, suala la twahara aulizwe sheikh baadaye. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na asikae mtu kituo cha polisi akingojea PF3, fomu ya polisi ya matibabu, huku damu inamtoka. Chanjo ikichomwa kwenye msuli, ratiba iliyozoeleka ni siku ya 0 (ya sindano ya kwanza), 3, 7, 14 na 28. Mtu mzima huchomwa begani, si takoni. Kidonda kilichotoboa ngozi huhitaji pia dawa ya kingamwili ndani na kuzunguka kidonda, isiyozidi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. PF3 inaporudi kutoka kwa daktari, isome kabla hujaondoka: imetaja matundu mangapi, upande gani, urefu gani? Fomu iliyoandikwa "jeraha la mbwa" na basi haitakusaidia sana.

Kuna wenye mbwa wanaosema kichaa kimekwisha Pemba, sindano za nini. Kweli kiliondoshwa mwaka 2014, lakini kikarudi 2016 kwa kuletwa na watu kutoka nje ya kisiwa, kikaondoshwa tena 2018. Ugonjwa uliokwisha kurudi mara moja si wa kuuchezea, na dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Sasa suluhu. Hatuipingi, na barua ya sheha ina kazi yake. Kinachotusikitisha ni karatasi inayoandikwa siku ya pili: "Nimepokea shilingi elfu hamsini, nimesamehe, sina madai mengine." Siku ya pili nani anajua kama kidonda kitaoza, kama kidole kitakunja, au sindano ngapi zitahitajika? Kama lazima muandike, andikeni kwamba fedha hizo ni za gharama zilizokwisha kutumika mpaka tarehe hiyo, na kwamba matibabu yote yatakayofuata, nauli na siku za kazi zitakazopotea, ni juu ya mwenye mbwa. Karatasi hiyo itiwe saini na mashahidi wawili wasio ndugu wa upande wowote. Neno "nimesamehe" lisubiri mpaka sindano ya mwisho.

Asipotaka kulipa, mpelekee barua ya madai yenye hesabu, umpe siku 14, na ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa ameipokea. Baada ya hapo ni mahakama ya kawaida, kwa kiwango kinacholingana na kiasi unachodai. Kadhi hahusiki. Mtoto hudai kupitia mzazi au mlezi. Msitegemee kesi ya polisi peke yake: ile ni ya Serikali, na faini huingia Serikalini. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria, Chake Chake, au kwa msaidizi wa sheria aliye karibu naye.

Fidia ya maumivu na kovu hakimu huikadiria mwenyewe. Gharama hazikadiriwi, huthibitishwa shilingi kwa shilingi, hata nauli ya gari ya shamba. Mwambie utingo akuandikie. Na risiti za mashine zipigwe kopi siku hiyo hiyo, maana wino wake hufifia, na kesi ikifika zamu yake mkononi mna karatasi nyeupe.

Wasaidizi wa sheria,
Wete, Pemba